Bi. Melitta na Kopo la Matundu

Wapo wenzetu wa pwani wasioihesabu kuwa kahawa ila imetoka katika dele. Nami ni mmoja wao. Hata hivyo mtu hanyimwi haki yake, na Bi. Melitta Bentz anayo haki kwa kila msafiri anywaye kahawa safi mbali na kwao.

Alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1873, akaolewa na Bw. Hugo Bentz. Kahawa akiipenda, lakini mashapo yalimkera mdomoni. Vichujio vya kitambaa vilikuwako, ila kuviosha ni kazi, na harufu ya jana haitoki. Mwaka 1908 akatwaa kopo la shaba, akalitoboa chini kwa msumari, akatandika ndani karatasi ya kukaushia wino aliyoitoa katika daftari la shule la mwanawe, Willy. Akatia kahawa iliyosagwa, akamimina maji ya moto. Iliyochuruzika haikuwa na chembe.

Tarehe 20 Juni mwaka huo uvumbuzi wake ukasajiliwa Berlin. Mwezi Desemba akafungua biashara kwa mtaji wa pfennig 73, yaani hata marki moja haikutimia. Karakana ni chumba cha nyumbani, na wafanyakazi ni mume na watoto. Mwaka 1909, kwenye maonyesho ya Leipzig, wakauza vichujio zaidi ya 1,000.

Ndipo vikaingia vita vya 1914. Hugo akachukuliwa jeshini, karatasi ikawa adimu, na kahawa yenyewe ikazuiliwa kuingia nchini. Mama huyu akajikimu kwa kuuza maboksi ya karatasi. Hapa, msomaji, ndipo nionapo udhaifu wa chombo chake: karatasi ikikosekana, umebaki na kopo la matundu. Dele halimtegemei muuza duka. Lataka makaa na subira.

Baada ya vita biashara iliinuka, na mwaka 1929 ikahamia Minden. Miaka ya 1930 chujio likapewa umbo la leo, pana juu na jembamba chini, mfano wa karatasi ya muuza njugu. Likizo ya wafanyakazi ikaongezwa kutoka siku 6 hadi 15 kwa mwaka. Bi. Melitta alifariki mwaka 1950.

Lipo asilolijua yeye. Karatasi ile huzuia mafuta ya kahawa yapandishayo kolesteroli katika damu, na kahawa ya kuchemsha huyabakisha. Mzee aliyekwisha kuonywa na daktari asinione mkaidi nikimwambia anunue chujio, hata kwa matumizi ya nyumbani.

Safarini sina ubishi: chujio la plastiki na karatasi kumi hukaa pembeni mwa mkoba, na maji ya moto hupatikana popote. Lakini barazani baada ya Isha, wageni wanane na kichujio cha kikombe kimoja? Wa mwisho atakunywa alfajiri.