Dolomieu na Jiwe Lililokataa Kutoa Povu

Muhula huu Mwalimu wetu wa Kemia alileta darasani vipande viwili vya mawe, akatuagiza tuvidondoshee tindikali. Cha kwanza kilitoa povu papo hapo, kwa kuwa ni jiwe la chokaa. Cha pili kilinyamaza. Nikaandika upesi katika daftari langu ya kuwa hicho si cha jamii ya chokaa, nami nikakosa. Mwalimu alikisaga kikawa unga, akaipasha moto tindikali, na povu likatoka. Jiwe lile huitwa dolomiti. Basi akanituma maktaba nikamtafute mwenye jina.

Ndugu wasomaji, mwenyewe ni Bwana Déodat de Dolomieu, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1750. Tangu utotoni aliandikishwa katika shirika la askari watawa wa Malta. Alipokuwa na miaka 18 alipigana na mwenzake kwa silaha, wawili peke yao, akamwua. Alihukumiwa kifungo cha maisha, lakini hakukaa sana akafunguliwa. Jambo hilo silisifu.

Mwaka 1789 alipita katika milima ya Alps, akaona mawe yafananayo na chokaa lakini yasiyotoa povu kwa urahisi. Hakufanya kama mimi. Aliyachunguza, akaandika habari zake mwaka 1791, tena akampelekea vipande Bwana Saussure kijana huko Geneva, naye akavipima na kulipa jiwe jina la Dolomieu mwaka 1792. Leo twajua kwamba ndani yake mna magnesiamu pamoja na kalsiamu, ndiyo maana tindikali baridi hailiwezi. Na milima ya Dolomites, kaskazini ya Italia, ilianza kama matumbawe katika bahari ya joto, zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita.

Mwaka 1798 alifuatana na Napoleon kwenda Misri. Alipokuwa akirudi mwaka 1799, dhoruba iliisukuma merikebu yao mpaka Taranto, akakamatwa, akafungwa peke yake huko Messina. Miezi 21! Karatasi hakuwa nayo, wala wino. Akachanganya masizi ya taa na maji, akachonga kijiti kikawa kalamu, akaandika elimu ya mawe pembezoni mwa kurasa za Biblia. Hali yumo kifungoni, Paris walimchagua kuwa profesa wa elimu hiyo. Alifunguliwa mwaka 1801, akafundisha kidogo, akaenda tena Alps, akafariki Novemba mwaka ule ule.

Nami nilileta maabara kipande cha jabali la kwetu Izigo. Nilikisaga, nikapasha moto tindikali, nikangoja. Kimya; ni jiwe la mchanga. Lakini tabaka ambazo wanajiolojia waliziita kwa jina la Bukoba zafika hata Kigoma, na huko mna chokaa yenye dolomiti. Nilipomsimulia mama, aliuliza kama unga wake waweza kuponya udongo wa kibanja chetu, uliochachuka kwa mvua nyingi. Nilimjibu kwamba waweza. Akauliza ni debe ngapi, na hesabu hiyo ndiyo ninayoifanya sasa.