Chaim Weizmann: Mkemia Aliyewaajiri Bakteria

Uji ukisahauliwa jikoni siku mbili tatu huchacha. Wengi wetu huumwaga tu. Kumbe mle ndani mna vijidudu vinavyofanya kazi usiku na mchana! Bwana mmoja aliwatafuta vijakazi wa namna hiyo, akawaajiri, na jina lake likavuma.

Chaim Weizmann alizaliwa mwaka wa 1874 katika kijiji cha Motal, ambacho leo kimo nchini Belarusi. Kwao walizaliwa watoto 15, naye alikuwa wa tatu. Alisomea kemia Ujerumani na Uswisi, akapata shahada ya udaktari mwaka wa 1899. Mwaka wa 1904 alihamia Uingereza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Manchester.

Huko alitaka kutengeneza mpira bila kutegemea utomvu wa miti. Katika kutafuta-tafuta, alipata bakteria asiyestahimili hewa. Basi mahindi yalisagwa, yakapikwa yakawa uji, kisha yakatiwa bakteria katika tangi lisiloingia hewa. Bakteria walikula wanga, wakatoa butanoli mafungu 6, asetoni 3 na ethanoli 1.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, Uingereza ilikosa asetoni ya kutengenezea baruti. Ya zamani ilitokana na mbao zilizochomwa, na nyingi ilitoka ng'ambo. Serikali ikamwita Weizmann, na viwanda vya pombe vikageuzwa kuwa vya asetoni.

Lakini taabu haiishi. Nyambizi za Kijerumani zilizamisha meli, na nafaka ikaadimika. Je, watu walale njaa ili mizinga ishibe? Ndipo mwaka wa 1917 watoto wa shule wakatumwa kuokota mbegu chungu zilizoanguka chini ya miti, mbegu ambazo binadamu hali. Wala hawakuambiwa ni za kazi gani! Nyingi zilioza kabla ya kutumiwa, na asetoni iliyopatikana haikuwa ya kutosha. Hata hivyo, wazo lenyewe halikuoza: si lazima kiwanda kipokonye mtu sahani yake.

Na ile butanoli? Wakati wa vita haikuwa na mnunuzi. Miaka ya 1920 ilipofika, viwanda vya magari vya Marekani viliitaka kwa rangi inayokauka upesi. Kilichokuwa taka kikawa ndicho bidhaa!

Weizmann aliongoza pia harakati za kuunda taifa la Wayahudi, na mwaka wa 1949 akawa rais wa kwanza wa Israeli. Alifariki tarehe 9 Novemba 1952.

Siku hizi wataalamu huwalisha bakteria wa ukoo ule mabua, maganda na makombo, badala ya nafaka. Kwa hivyo, mwanakemia mwenzangu, usiharakishe kuita kitu taka. Pengine hujampata tu mfanyakazi wa kukishughulikia.