Arthur Holmes

Arthur Holmes (14 Januari 1890 – 20 Septemba 1965) alikuwa mwanajiolojia wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa kutumia unururifu kupima umri wa miamba. Ndiye pia aliyeutambua na kuupa jina Ukanda wa Msumbiji, ambao ni mabaki ya milima ya kale yanayopita Kenya, Tanzania na Msumbiji.

Maisha ya awali

Holmes alizaliwa karibu na Newcastle, kaskazini mashariki mwa Uingereza, akakulia Gateshead. Mwaka 1907 alijiunga na Royal College of Science mjini London ili kusoma fizikia, lakini baadaye akahamia jiolojia.

Wakati huo wataalamu walibishana kuhusu umri wa Dunia. Mwanafizikia Lord Kelvin alikuwa amekadiria kati ya miaka milioni 20 na 40 tu. Wanajiolojia wengi waliona muda huo hautoshi kwa milima kuinuka, kumomonyoka na kuwa mashapo baharini, ila hawakuwa na kipimo cha kuthibitisha hoja yao.

Kipimo hicho kilipatikana ndani ya madini. Urani hugeuka polepole kuwa risasi kwa kasi isiyobadilika. Kwa hiyo, kiasi cha urani kilicholinganishwa na kiasi cha risasi huonyesha muda uliopita tangu madini yaumbike. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 21, Holmes alichapisha matokeo ya mwamba kutoka Norwei: miaka milioni 370.

Msumbiji na Burma

Mwaka huohuo, kwa kuwa alihitaji fedha, alikwenda Msumbiji kutafuta madini kwa niaba ya kampuni. Hakupata kitu chenye thamani ya biashara, na aliugua malaria vibaya hata habari za kifo chake zikapelekwa kwao. Hata hivyo alipona, akarudi London, na mwaka 1913 akatoa kitabu kuhusu umri wa Dunia. Humo alionyesha kwamba miamba ya kale zaidi iliyopimwa ilikuwa na takriban miaka milioni 1,600.

Mwaka 1920 alihamia Burma kufanya kazi katika kampuni ya mafuta. Kampuni hiyo ilifilisika, na mtoto wake mdogo wa kiume alifariki huko kwa ugonjwa wa kuhara damu. Mwaka 1924 aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Durham, na tangu mwaka 1943 alikuwa profesa Edinburgh.

Akiwa Durham alieleza kwamba joto husababisha koti la Dunia kuzunguka polepole na hivyo kuyasogeza mabara. Wengi hawakulikubali wazo hilo hadi miaka ya 1960, nadharia ya gandunia ilipoenea.

Ukanda wa Msumbiji

Miamba mingi ya Afrika ni ya kale kuliko visukuku vinavyotumiwa kupanga miamba kwa umri. Holmes aliipanga kwa kutazama mwelekeo wa mikunjo yake na umri wa madini yake. Aliona kwamba mashariki mwa miamba ya kale ya Tanzania ya kati na eneo la Ziwa Viktoria, mikunjo huelekea kaskazini hadi kusini na kuikata mikunjo mingine. Kinachokata ni kichanga kuliko kinachokatwa. Mwaka 1951 alichapisha maelezo ya ukanda huo.

Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya milima hiyo iliinuka takriban miaka milioni 650 hadi 500 iliyopita, wakati mabara yalipogongana na kuunda bara kuu la Gondwana. Leo imebaki mizizi yake tu. Tanzanaiti ya Mererani hupatikana katika miamba ya ukanda huo.

Urithi

Baada ya Holmes, wanajiolojia walijifunza kupima punje mojamoja za mchanga. Zinazofaa zaidi ni za zirkoni, madini magumu yenye urani kidogo. Mlima unapomomonyoka, mito hubeba punje hizo hadi baharini, ambako hugeuka sehemu ya miamba mashapo bila kupoteza umri wake. Punje nyingi zenye umri unaokaribiana huonyesha wakati miamba ya mlima ilipoumbika, hata kama mlima wenyewe umekwisha. Vilevile mashapo hayawezi kuwa ya kale kuliko punje changa kabisa iliyomo. Kwa njia hiyo, mchanga umekuwa kumbukumbu ya milima isiyoonekana tena.

Holmes alifariki mjini London. Jumuiya ya wanajiolojia ya Ulaya hutoa medali yenye jina lake.