ROBERTO CLEMENTE: MCHEZAJI ALIYEIFUATA AMANA MPAKA BAHARINI

Ukitaja wachezaji mashuhuri wa ng'ambo katika baraza yoyote ya Mombasa au Lamu, utasikia jina la Muhammad Ali na la Pele kabla kahawa haijapoa. Jina la Roberto Clemente huenda usilisikie kabisa. Mimi nami sikuwa nimelisikia mpaka mwaka 2014, nilipokuwa katika mji wa Pittsburgh, Marekani, nikisomea kazi ya upimaji wa ardhi. Na nililijua kwa njia ya fumbo.

Wamarekani wana mchezo wa kuficha na kutafuta, waitao jiokashi. Ulianza mwezi wa Mei 2000, mara baada ya serikali yao kuwaruhusu raia kupata vipimo vilivyo sawasawa kutoka kwenye setilaiti. Mtu huficha kopo lenye daftari, kisha hutangaza latitudo na longitudo ya pale alipolificha. Mwenye kutafuta hushika chombo chake cha kupokea mawimbi ya setilaiti, na akilipata kopo huandika jina lake daftarini na kulirudisha. Wengine hawatangazi vipimo waziwazi, bali hutoa fumbo, na mtafutaji sharti alifumbue kwanza ndipo ajue pa kwenda.

Mwenyeji wangu, bwana mmoja mstaafu, alikuwa kijana mdogo katika miaka ya 1960, na kipenzi chake wa utotoni alikuwa Clemente, mchezaji wa besiboli. Basi akatunga fumbo la kuwapa wageni wake. Alisema wazi kwamba kopo liko digrii 40 na dakika 26 kaskazini, na digrii 80 na dakika sifuri magharibi. Kilichobaki ni tarakimu tatu za desimali kwa kila upande, na zote sita alizificha katika maisha ya Clemente. Msomaji asizidharau tarakimu hizo. Kwa upande wa kaskazini, ya kwanza ikikosewa kwa moja tu, mtafutaji hupotea kwa mita 185. Kwa hiyo ilinibidi niyasome maisha ya mtu huyo kwa makini.

MTOTO WA MASHAMBA YA MIWA

Roberto Clemente Walker alizaliwa tarehe 18 Agosti 1934 katika mji wa Carolina, kisiwani Puerto Rico. Kisiwa hicho cha Bahari ya Karibi kilikuwa cha Wahispania mpaka mwaka 1898 Marekani ilipokitwaa. Baba yake, Melchor, alikuwa mnyapara katika mashamba ya miwa. Roberto alikuwa kitinda mimba kati ya watoto saba, na hiyo saba ndiyo tarakimu ya kwanza niliyoipata.

Shuleni alikuwa hodari wa kurusha mkuki, na mkono huo ndio uliokuja kumpa sifa. Besiboli, kwa asiyeijua, ina udugu wa mbali na kriketi tuliyowaona Wahindi wakiicheza hapa mwambao: mmoja hurusha mpira, mwingine hungoja na gongo lake, na wengine hutawanyika uwanjani kuudaka. Clemente alisimama pembeni mwa uwanja upande wa kulia, na mpira aliourusha kutoka huko uliwahi kumfikia mwenzake kabla mkimbiaji hajafika. Mara 12 alipewa tuzo ya Glavu ya Dhahabu, ambayo ni ya wadakaji bora.

Mwaka 1954 alitiwa mkono na timu ya Brooklyn Dodgers, nayo ikamweka katika timu yake ndogo huko Montreal, Kanada. Mwisho wa mwaka huo timu ya Pittsburgh Pirates ilimchukua kwa dola 4,000 tu. Aliichezea tangu 1955 mpaka 1972, misimu 18, wala hakuhamia kwingine. Fumbo lilitaka tarakimu ya mwisho ya hesabu hiyo, nayo ni nane.

JINA LAKE LILIVYOBADILISHWA

Mambo hayakuwa mepesi. Alikuwa mtu mweusi, na tena mgeni wa lugha. Timu ilipokwenda kufanya mazoezi Florida, wachezaji weupe waliingia mikahawani kula, na weusi wakazuiwa mlangoni. Usiku walilala katika nyumba za familia za watu weusi, si katika hoteli ya wenzao. Clemente hakulizoea jambo hilo, wala hakulinyamazia.

Magazeti nayo yalikuwa na yao. Yalimwita Bob, jina asilolitaka, na maneno yake ya Kiingereza yaliandikwa kwa kufuata matamshi yake ili wasomaji wacheke. Sisi ambao majina yetu hukatwakatwa na kupindwa ugenini twaelewa uchungu huo. Yeye alishikilia kwamba jina lake ni Roberto. Husemwa kwamba hata namba 21 ya fulana yake aliipata kwa kuhesabu herufi za Roberto Clemente Walker, nazo ukizihesabu ni 21 kweli.

Uwanjani majibu yake yalikuwa ya gongo. Aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga mara nne, mwaka 1961, 1964, 1965 na 1967. Mwaka 1966 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi, na hiyo ilikuwa mara moja tu. Moja ikawa tarakimu nyingine. Ubingwa mkuu, ambao Wamarekani huuita wa dunia ingawa timu karibu zote ni zao wenyewe, aliupata mara mbili, 1960 na 1971. Mbili nayo nikaiandika.

Katika fainali za 1971 alifaulu kupiga mara 12 kati ya 29, akatajwa kuwa mchezaji bora wa fainali hizo. Baada ya ushindi, mbele ya kamera za televisheni na Marekani nzima ikitazama, aliomba ruhusa aanze kwa Kihispania, akawasalimu wazazi wake huko Puerto Rico na kuwataka radhi yao. Kati ya yote niliyoyasoma, hilo ndilo lililonifanya nimwone mtu wa karibu. Kijana aliyefika kileleni, na neno lake la kwanza likawa kuwaomba wazee wake baraka, hahitaji kutafsiriwa kwetu.

Tarehe 30 Septemba 1972, katika uwanja wa Three Rivers mjini Pittsburgh, alipiga pigo lake la 3,000. Walikuwa wamemtangulia watu kumi tu kufika hapo. Halikufuata la 3,001, kwa hiyo tarakimu ya mwisho ya mapigo yake ni sifuri. Tarakimu ya sita ilikuwa tatu: watoto wa kiume aliozaa na mkewe Vera, aliyemwoa mwaka 1964.

SHEHENA YA MANAGUA

Mwezi wa Novemba 1972 Clemente alikuwa Nicaragua akiongoza timu ya vijana wa kwao. Hazikupita wiki nyingi, tarehe 23 Desemba, tetemeko la ardhi likaubomoa mji wa Managua na kuua maelfu ya watu. Clemente aliongoza kamati ya misaada kisiwani kwake. Wakati wengine wakijitayarisha kwa sikukuu, yeye alikuwa akikusanya vyakula, nguo na dawa.

Kisha zikaja habari mbaya. Misaada iliyofika Managua ilikuwa ikitwaliwa na askari wa serikali ya Somoza, na wenye haja hawakuiona. Clemente aliamua kwenda mwenyewe, akitumaini kwamba mbele ya macho yake hakuna atakayethubutu. Wazee wetu walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ndege iliyopatikana ilikuwa aina ya DC-7, kuukuu, nayo ilipakiwa kupita uzito wake. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1972 iliruka kutoka San Juan ikiwa na watu watano, na punde si punde ikaanguka baharini. Clemente alikuwa na umri wa miaka 38. Mwenzake wa timu, Manny Sanguillén, alizamia na wapiga mbizi kumtafuta, hata ibada ya kumkumbuka marehemu ikampita. Mwili wa Clemente haukuonekana mpaka leo.

Mwaka 1973 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli bila kungojewa ile miaka mitano ya kawaida, akawa wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini. Mwaka huohuo tuzo ya mchezaji anayewatumikia watu nje ya uwanja ilipewa jina lake, na ingali ikitolewa kila mwaka.

Basi nikazipanga tarakimu zangu: nane, sifuri, tatu kwa kaskazini, saba, mbili, moja kwa magharibi. Zilinifikisha pale uliposimama uwanja wa Three Rivers kabla haujabomolewa mwaka 2001. Kopo nililiona. Ndani yake, pamoja na daftari, mlikuwa na kijikaratasi chenye swali la saba: kaburi la Clemente liko latitudo gani na longitudo gani?

Swali hilo halina jibu, na sisi watu wa mwambao twalijua. Kila mji wetu una watu waliotoka na chombo wasirudi, wakaombewa bila kuwa na kaburi la kuzuriwa. Wachezaji zaidi ya 30 wamekwisha kufikia mapigo 3,000, na wengi wao wamempita Clemente kwa hesabu. Hata hivyo mwenyeji wangu hakuwatungia wao fumbo. Mapigo yalimpa Clemente sifa. Lakini sababu ya kukumbukwa hivi ni kwamba watu walimpa nguo na chakula awafikishie wenye shida, akaiona ni amana, akaondoka nayo mwenyewe.