Marehemu Shaaban Robert na Faida ya Kuandika Maisha

Katika toleo hili napenda kuwaeleza wasomaji habari za marehemu Sheikh Shaaban Robert. Wengi wetu twamjua kwa mashairi yanayotoka katika mtihani. Mimi nataka tumtazame kama mtu aliyetumia kalamu kuvuka msiba, maana jambo hilo latufaa sana sisi tunaokaa bwenini.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Asili ya wazazi wake ni Wayao, watu walio wengi hapa Tunduru, walakini yeye mwenyewe alijihesabu kuwa Mswahili. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, kisha akaingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha. Serikali ya kikoloni ilimhamisha huku na huku. Alikaa Pangani, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akapelekwa Mpwapwa, mbali na pwani aliyoizoea. Baadaye alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya, halafu katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Riziki yake ilitoka katika ukarani, wala hakupata kusoma chuo kikuu.

Katika maisha hayo alifiwa na mkewe, Amina, akabaki na watoto wa kulea. Huzuni hiyo hakuifungia moyoni. Alimtungia marehemu mkewe shairi linaloitwa kwa jina lake. Kisha aliandika habari zake mwenyewe katika kitabu cha Maisha Yangu, kilichochapwa mwaka 1949: ndoa, msiba, uhamisho na taabu za safari. Humo alitia pia tenzi mbili za malezi, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume, ili watoto wapate neno la baba la kuwaongoza. Kadhalika kwa miaka mingi alimwandikia barua ndugu yake, Yusuf Ulenge. Barua za tangu 1931 hata 1958 zilihifadhiwa, na mwaka 2002 zikatolewa kitabu.

Sasa faida yetu ni nini? Mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyetoka kijiji cha mbali hulala akiwawaza wazazi, na darasani huogopa kusimama kujibu. Ukimwuliza ana nini, husema hana kitu. Maneno anayo, ila hayajapata njia. Muhula huu sisi viranja wa bweni tumeshauriana kuwaongoza wadogo zetu waandike kila jioni kwa dakika 10, wakijibu maswali manne: Leo limenipata jambo gani? Moyo wangu ulionaje? Nani alinisaidia, au mimi nilimsaidia nani? Kesho nitajaribu nini?

Swali la kwanza na la pili humsaidia mtoto kulitaja jambo linalomsumbua, nalo likishatajwa hupungua kutisha. La tatu humwonyesha kwamba hayuko peke yake. La nne humpa kazi ndogo anayoiweza, kama kunyosha mkono mara moja katika somo la hesabu. Akifungua kurasa za nyuma baada ya wiki kadhaa, huona kwa macho yake kwamba aliyoyaogopa mengine ameyashinda. Huo ndio mwanzo wa kujiamini.

Lakini yafaa tushike masharti. Daftari ni siri ya mwenyewe: asilazimishwe kulisoma mbele ya wenzake, wala lisisahihishwe kwa kalamu nyekundu. Tena daftari halichukui nafasi ya mtu. Mwenye shida nzito, kama kupigwa, kuonewa au ugonjwa, na amwendee mwalimu mlezi au matroni bila kuchelewa.

Sheikh Shaaban alifariki mwezi wa Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Vitabu vyake vingine vilichapwa baada ya kufa kwake. Alipata nishani ya M.B.E. na sifa kubwa, lakini kwangu mimi urithi wake mkubwa ni kutuonyesha kwamba hata karani mwenye huzuni aweza kuyapanga maisha yake kwa kalamu. Daftari la kurasa 48 halina bei kubwa. Tulinunue, tuandike.