Siti binti Saad: Sauti Iliyotangulia Chombo

Vijana wa kwetu pwani waliokuja kutafuta riziki huku Thika na Ruiru wana ada njema: usiku, kazi zikisha, hurekodi kaswida na nyimbo vyumbani mwao. Suala lao kwangu ni moja: tununue maikrofoni gani ya kondensa, nasi mfuko ni mwepesi? Mmoja alikusudia kukopa mishahara ya miezi mitatu kwa chombo kimoja tu. Jawabu nililompa nililitoa katika maisha ya marehemu Siti binti Saad, Mungu amrehemu.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Wazazi wake walikuwa mafukara wa shamba, kazi yao kulima na kufinyanga. Chuoni hakupelekwa. Alijitwika vyungu kichwani akavitembeza mjini, akivinadi kwa sauti ambayo masimulizi yasema iliwasimamisha wapita njia. Basi mafunzo yake ya mwanzo ya kuimba yalikuwa biashara ya vyungu.

Yapata 1911 alihamia mjini, na huko Muhsin Ali akamfundisha uimbaji. Baadaye alifuatana na mafundi kama Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi na Mbaruk Talsam. Tangu taarabu ilipoletwa kutoka Misri zama za Seyyid Barghash, jumbani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, akayatia ndani yake mambo ya wanyonge wa Ng'ambo: hila za wenye nguvu, hukumu zisizo haki, mwanamke aliyedhulumiwa, kama alivyofanya katika wimbo wa Kijiti. Kusoma hakujua, mashairi yote aliyahifadhi moyoni.

Mwaka 1928 kampuni ya HMV iliwachukua yeye na wenzake hadi Bombay, Bara Hindi, kurekodi santuri. Msomaji, uzingatie mwaka huo. Zamani mwimbaji alikuwa akipaza sauti ndani ya pembe kubwa ili sindano ipate nguvu ya kuchora sahani. Mwaka 1925 ndipo HMV ilipoanza kurekodi kwa umeme, kwa mtambo wa Western Electric wa Marekani, uliotokana na utafiti wa akina E. C. Wente, aliyebuni maikrofoni ya kondensa mwaka 1916. Siti aliiwahi neema hiyo ya umeme akiwa mwanamke wa makamo, na nyuma yake ana miaka kumi na saba ya kuimba mjini.

Sasa tuirudie kondensa yenyewe. Ndani yake mna utando mwembamba ulio karibu sana na bamba; sauti ikiutikisa, umeme hubadilika. Kwa hiyo ni sikivu mno, na nyingi huhitaji umeme wa volti 48 kutoka katika kisanduku kinachoiunganisha na kompyuta. Usikivu huo ni neema na balaa: hunasa pumzi ya mwimbaji, na hunasa vilevile mvua juu ya mabati na matatu za barabara kuu ya Thika. Mwenye kuanza yamtosha ya daraja la Audio-Technica AT2020, ila ahakikishe kisanduku chake kinatoa volti hizo. Fedha zinazobaki azitie katika mablanketi mazito ya kutundika ukutani. Asimame shibiri moja mbali na chombo, na mbele yake aweke kitambaa chepesi kuzuia mshindo wa herufi P na B. Na chumba kikikataa kutulia, maikrofoni ya dainamiki, isiyo sikivu hivyo, itamsitiri zaidi. Kijana wangu alipoyasikia haya, deni aliliacha, akanunua ya bei ya chini, na muda wake akautumia kusahihisha matamshi.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, na Sheikh Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Sahani zake zimekwaruzika kwa umri, lakini neno bado lasikika neno. Bombay haikumpa sauti. Ilimhifadhia tu aliyokwenda nayo, ambayo ilikuwa imekwisha kuiva Fumba na Ng'ambo.