Al-Jahiz: Aliyewapanga viumbe kwa maumbile, akakataliwa kwa sura yake

NILIPOKUWA nikifundisha Balang'dalalu, wilayani Hanang, mwanafunzi mmoja aliuliza swali lililochekesha darasa zima: popo ni ndege au ni mnyama? Wenzake wengi walikuwa watoto wa wafugaji, wanaomtambua kila ng'ombe wa nyumbani kwao kwa rangi na pembe zake. Wakajibu haraka kuwa ni ndege, maana anaruka. Nikawaambia kuwa yupo Muislamu wa Basra aliyeyashughulikia maswali ya namna hiyo zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, naye hakuridhika na jibu la haraka.

Ndugu msomaji, huyo ni Abu Uthman Amr bin Bahr, aliyezaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka 776. Dunia inamjua kwa lakabu ya Al-Jahiz, yaani mwenye macho yaliyotokeza. Alikulia katika ufukara, na inasimuliwa kuwa aliuza mikate na samaki kando ya mfereji mmoja wa mji huo. Wapo wapokezi waliosema kuwa babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia.

Umasikini haukumzuia kusoma. Alikaa kwa mabingwa wa lugha kama Al-Asma'i na Abu Ubayda, na usiku alikodi maduka ya wauza vitabu ili asome hadi asubuhi. Katika itikadi alifuata Muutazila, jambo lililomletea upinzani wa wanazuoni kama Ibn Qutayba. Hilo hatulifichi. Lakini katika lugha na elimu ya viumbe, hata wapinzani wake hawakuweza kumpuuza.

Maandishi yake yalimfikisha Baghdad katika zama za Khalifa Al-Ma'mun. Inasemekana alipewa kazi katika ofisi ya maandishi ya dola, akakaa siku tatu tu, akaomba kuondoka.

Kitabu cha Wanyama

Kazi yake kubwa ni Kitab al-Hayawan, Kitabu cha Wanyama, chenye sehemu saba. Alimtunuku waziri Ibn al-Zayyat, na inaelezwa kuwa alizawadiwa dinari 5,000.

Humo aliwagawa wanyama mafungu manne: wanaotembea, wanaoruka, wanaoogelea na wanaotambaa. Msomaji wa Qur'an atakumbuka Suratun-Nur, inayotaja wanaokwenda kwa matumbo, kwa miguu miwili na kwa minne. Lakini Al-Jahiz hakuishia kwenye mafungu. Aliyajaribu kwa kutafuta viumbe vinavyoyasumbua.

Akasema si kila kirukacho ni ndege. Nyuki, nzi, nzige na mbu wanaruka, wala hakuna awaitaye ndege. Malaika wana mbawa, na Ja'far bin Abi Talib (R.A.) amepewa mbawa mbili Peponi, wala si katika ndege. Tena si kila kiogeleacho ni samaki: majini wamo kasa, chura, kaa, mamba na pomboo. Shomoro naye hana makucha wala mdomo uliopinda kama mwewe, lakini anakula nzige na nyama, basi akamweka kati kwa kati. Na kuhusu popo alieleza kuwa anaruka bila manyoya ya ndege, ana masikio na meno, anazaa na kunyonyesha. Elimu ya leo inamhesabu popo pamoja na wanyama wanyonyeshao.

Somo hapa ni moja: alama moja haitoshi. Ukimshika kiumbe kwa alama moja tu, utakosea.

Twiga pia alimshughulikia, naye ndiye mnyama wa taifa letu. Waajemi walimwita kwa jina linalounganisha ngamia, ng'ombe na chui, na watu wakavumisha kuwa amezaliwa kwa mchanganyiko wa ngamia, ng'ombe mwitu na fisi. Al-Jahiz alikataa. Kufanana na kitu si kuzaliwa nacho, na jina si ushahidi.

Alipopimwa yeye

Khalifa Al-Mutawakkil alitaka awafundishe watoto wake. Inasimuliwa kuwa alipomwona uso, alichukizwa na sura yake, akampa dirham 10,000 na kumrudisha. Mtu aliyewafundisha watu wasiridhike na alama moja akahukumiwa kwa macho yake.

Pengine ndiyo maana risala yake ya kueleza fahari ya watu weusi mbele ya weupe inasomwa hadi leo. Humo Wazanji, watu wa pwani yetu, wanatajwa kwa sifa. Hata hivyo haki itendeke: katika vitabu vyake vingine yamo maneno ya kuwadunisha Wazanji hao hao. Naye alikuwa mwanadamu.

Takriban miaka 890 baada yake, mwaka 1758, Carl Linnaeus wa Sweden alitoa chapa ya kitabu chake ambayo ndiyo msingi wa majina ya kisayansi ya wanyama. Alipofika kwa binadamu aliwagawa kwa mabara na rangi, na Muafrika akapewa tabia ya uvivu na hila. Kupanga viumbe ni elimu. Kupanga thamani ya watu kwa ngozi ni dhulma, hata kama mpangaji ni bingwa.

Al-Jahiz alirudi Basra, akapooza, akafariki mwanzoni mwa mwaka 255 Hijria, yaani 868 au 869. Masimulizi mashuhuri yanadai kuwa aliangukiwa na vitabu vyake.

Wale watoto wa Balang'dalalu waliridhika kuhusu popo. Tuliobaki na mtihani ni sisi wa mijini, ambao bado tunamjua mtu kwa kanzu yake, ndevu zake au kabila lake, kabla hajafungua kinywa.

Wallahu a'lam.